Tableti, kadi za picha au ishara za mikono: umchagulie nini mtoto mwenye usonji ambaye bado haongei

Mzazi wa mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kuongea, au mwenye maneno machache tu, hapungukiwi washauri. Huyu atamwambia anunue tableti upesi, maana siku hizi kuna programu zinazomsemea mtoto. Yule atamwambia aweke mbali kila chenye skrini, aanze na kadi za picha. Wa tatu atasema mikono mtoto anayo tayari, afundishwe ishara. Kila mmoja anamjua mtoto aliyesaidiwa na njia hiyo, na kuhusu mtoto huyo anasema kweli. Mzazi hurudi nyumbani hajui aanzie wapi, na miezi inapita mtoto akilia, akivuta watu mikono au akijigonga kichwa kwa kukosa namna nyingine ya kusema "naumwa" au "sitaki".

Watoto wa namna hii si wachache. Watafiti hukadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya watoto wenye usonji hufika umri wa kwenda shule wakiwa na maneno machache mno ya mdomo, au hawana kabisa. Hapa nalinganisha njia tatu za kuwapa sauti, na ya nne kwa ufupi. Michezo ya kufundisha rangi na namba iliyojaa kwenye tableti siigusi. Nazungumzia mawasiliano, kwa kuwa ndiyo haja ya kwanza.

Hofu inayowazuia wengi kuchagua

Wazazi wengi husita kwa kuogopa kwamba mtoto akizoea picha au kifaa atabweteka, asijaribu tena kuongea. Hofu hiyo naielewa, ila ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za mawasiliano. Katika visa 27 vyenye ushahidi madhubuti zaidi, hakuna hata mmoja aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Asilimia 89 waliongeza maneno ya mdomo, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo, na waliosalia hawakubadilika.

Mwaka 2014 kundi la watafiti lililoongozwa na Connie Kasari lilitoa matokeo ya watoto 61 wenye usonji na maneno machache, wa miaka 5 hadi 8. Wote walipata tiba ileile ya kujifunza kupitia mchezo, lakini baadhi yao waliongezewa kifaa kinachotoa sauti tangu mwanzo. Hao ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika kuwasiliana kwa hiari yao, bila kuambiwa "sema".

Kwa hiyo hakuna sababu ya kumngoja mtoto "aive" kwanza. Kinachopaswa kutangulia ni kimoja tu: apimwe usikivu. Mtoto asiyeitika jina lake huenda ana usonji, huenda hasikii vizuri, na huenda ana yote mawili. Kila hali ina njia yake.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia hizi kwa maswali yaleyale. Mtoto ataweza kusema nini kwa njia hii: kuomba tu, au pia kukataa, kuuliza, kulalamika na kusimulia? Nani atamwelewa? Inataka nini kwenye mwili wake, yaani vidole, macho, na uwezo wa kuvumilia sauti na mwanga? Kuitunza kila siku kukoje? Na kosa gani hufanyika mara nyingi kwa wanaoitumia? Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

Kadi na mbao za picha

Njia maarufu zaidi ya kadi ni PECS, yaani mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha, iliyobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985 katika jimbo la Delaware, Marekani. Ina hatua sita. Ya kwanza inataka watu wazima wawili. Mmoja ameketi mbele ya mtoto akiwa na kitu anachokipenda. Wa pili yuko nyuma yake, kimya, akimwongoza mkono achukue kadi na kuiweka kwenye kiganja cha yule wa mbele, ambaye humpa kile kitu papo hapo. Mkono wa nyuma hupunguza msaada kidogo kidogo hadi mtoto afanye peke yake. Hatua zinazofuata humfundisha kuifuata kadi na mtu hata wakiwa mbali, kuchagua kati ya picha nyingi, kupanga sentensi fupi inayoanza na "nataka", kujibu akiulizwa, na mwisho kueleza anachokiona.

Mbali na kadi za kukabidhi, kuna ubao wa kunyooshea kidole: karatasi moja yenye picha au maneno kama zaidi, basi, sitaki, nisaidie, twende, nini.

*Anachoweza kusema.* Kadi zina nguvu katika kuomba. Mtoto anajifunza jambo ambalo wengi wao hawajaligundua, kwamba lazima amfikie mtu na mtu huyo ajue anasemeshwa. Udhaifu ni kwamba familia nyingi huishia hatua ya tatu, na mtoto anabaki na msamiati wa vyakula na vichezeo. Hana kadi ya "nimechoka" wala "huyo kanipiga".

*Nani atamwelewa.* Yeyote anayeona, mradi awe karibu. Mtu aliye chumba cha pili hasikii kadi.

*Mwili.* Kadi inashikika na haina mwanga wala sauti, kwa hiyo humtuliza mtoto anayesumbuliwa na kelele. Picha pia haipotei. Inabaki palepale akiitafakari.

*Kuitunza.* Kadi hupotea, hutafunwa na kulowa. Zilaminishwe (zifunikwe kwa plastiki), zibandikwe kwa velkro, na uwe na nakala. Picha si lazima uzinunue: mradi wa ARASAAC wa serikali ya Aragón, Hispania, hutoa maelfu ya picha bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mtoto akihitaji maneno mia tatu, kitabu kinakuwa kizito na kutafuta kadi kunachosha.

*Kosa la mara kwa mara.* Kuziweka juu ya kabati ili zisichafuke, na kuziteremsha wakati wa mazoezi tu.

*Anayefaidika zaidi.* Mtoto anayeanza kabisa, asiyejua bado kwamba kuwasiliana ni kumwelekea mtu. Pia mtoto ambaye kila akishika skrini hasikii wala haoni kingine.

Tableti yenye programu ya mawasiliano

Zamani mashine za kumsemea mtu zilikuwa nzito, ghali, na za wachache. Mwaka 2009 kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam ilitoa Proloquo2Go kwa simu za iPhone, na iPad ilipoingia sokoni mwaka 2010, skrini ikawa kubwa ya kumtosha mtoto. Tangu hapo zimekuja programu nyingi, za kulipia na za bure. Cboard, kwa mfano, ni ya bure na hufanya kazi kwenye vifaa vya aina mbalimbali.

*Anachoweza kusema.* Hapa ndipo tableti inapoziacha njia nyingine nyuma, mradi imepangwa vizuri. Programu kamili hubeba maelfu ya maneno na kibodi ya kuandikia. Angalia kwanza kama ina maneno ya msingi, yale machache tunayoyarudia siku nzima katika kila mazungumzo: taka, nenda, zaidi, hapana, wapi, yangu. Programu iliyojaa picha za matunda na wanyama peke yake ni kitabu cha picha kinachotoa sauti.

Mpangilio nao una uzito wake. Mtoto hukariri mahali pa neno kwa mkono, kama mtu anayechapa bila kutazama vitufe. Ukihamisha "zaidi" kutoka pembeni kwenda katikati kwa sababu panapendeza, umemfutia neno hilo. Ndiyo maana nashauri kuanza na ukurasa wenye nafasi nyingi, huku maneno mengi yakiwa yamefichwa, kisha kuyafunua moja moja yalipo. Ukianza na vitufe vinne vikubwa, utalazimika kuvibomoa baada ya miezi michache, na mtoto ataanza upya.

Kwa familia inayoongea Kiswahili kuna jambo jingine. Programu nyingi zimejengwa kwa sarufi ya Kiingereza, hivyo haziwezi kunyambua kitenzi chetu. Tafuta inayokuruhusu kuandika maneno yako na kurekodi sauti, halafu weka umbo zima linalosemwa nyumbani: nataka, sitaki, nipe, niache, tumefika. Sauti ya kurekodi iwe ya mtoto wa rika lake na jinsia yake ikiwezekana. Kumpa mtoto wa miaka minne sauti ya mtu mzima si haki.

*Nani atamwelewa.* Kila mwenye masikio. Bibi asiyejua kusoma, mtoto mwenzake uwanjani, mgeni. Mtoto anaweza kumwita mama aliye jikoni na mama akageuka. Kwa mtoto ambaye maisha yake yote ameshindwa kumgeuza mtu kwa sauti, hilo ni jambo kubwa.

*Mwili.* Inataka kidole kimoja kinachogusa mahali sahihi. Anayegusa kwa kiganja anaweza kuwekewa kifuniko chenye matundu juu ya skrini, na programu nyingi hukuruhusu kurekebisha muda wa mguso. Punguza mwangaza ukiona anafumba macho. Watoto wengine wakianza hubonyeza neno moja mara hamsini mfululizo. Usinyang'anye kifaa. Mtoto mchanga naye husema "bababa" kabla ya kusema baba, na hakuna anayemziba mdomo.

*Kuitunza.* Chaji, maji, kuanguka. Nunua kava nene lenye mpini na mkanda wa kuvaa begani. Hakikisha programu inafanya kazi bila intaneti, na hifadhi nakala ya msamiati mahali pengine, kwa kuwa kupanga upya maneno mia mbili ni kazi ya kukatisha tamaa. Halafu chapisha ukurasa mkuu kwenye karatasi, uulaminishe, utumike bafuni, kwenye jua kali, na siku kifaa kimezimika.

*Kosa la mara kwa mara.* Yapo matatu. La kwanza ni kuweka katuni na michezo kwenye tableti hiyohiyo. Mtoto ataiona kama kichezeo, na wewe utaanza kuificha. Ikiwezekana iwe ya kuongelea tu. Isipowezekana, ifunge kwenye programu moja: iPad ina uwezo huo tangu mwaka 2012, na Android tangu mwaka 2014, na mpangilio wake hauchukui dakika tano.

La pili ni kumnyang'anya kama adhabu. Mtoto anayeongea kwa mdomo akikosea, humfungi mdomo.

La tatu ni zito zaidi: kumshika mtoto mkono au kiwiko na kumwelekeza "aandike". Majaribio yalipofanyika, ilionekana kwamba maneno yalikuwa ya msaidizi, si ya mtoto, na chama cha wataalamu wa usemi na lugha wa Marekani, ASHA, kilitoa onyo rasmi mwaka 2018. Kumwongoza mkono mwanzoni ili ajifunze kukabidhi kadi, kisha kumwachia, ni jambo moja. Kumtungia sentensi kwa mkono wake ni jambo jingine kabisa.

Wengi huuliza pia kuhusu muda wa skrini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku akiwa ameketi mbele ya skrini. Kwa maoni yangu, dakika anazotumia kukuambia anataka kutoka nje hazina mahali katika hesabu hiyo. Katuni zihesabiwe, mazungumzo yasihesabiwe.

*Anayefaidika zaidi.* Mtoto anayekwenda mahali pengi na kukutana na watu wengi, anayejua anachotaka kusema kuliko kadi zake zinavyomruhusu, au anayependa herufi. Watoto wengine wenye usonji husoma kabla ya kuongea, na kibodi huwafungulia njia ambayo picha haziwezi.

Ishara za mikono

Makaton, iliyoanzishwa Uingereza miaka ya 1970 na Margaret Walker, ni mfano unaojulikana: unaongea kama kawaida na kuambatanisha ishara kwa yale maneno makuu. Si sawa na lugha za alama za viziwi, ambazo ni lugha kamili zenye sarufi yake. Mtoto mwenye usonji ambaye pia ni kiziwi anastahili lugha kamili.

*Anachoweza kusema.* Kadiri nyinyi mnavyojua ishara. Kwa kawaida huanza na zaidi, basi, kula, nisaidie, choo.

*Nani atamwelewa.* Waliofundishwa peke yao. Hapo ndipo penye shida, hasa kwa kuwa mtoto hukunja ishara kwa namna yake, na hata anayezijua huhitaji kumzoea.

*Mwili.* Ishara hujifunzwa kwa kuiga, na kuiga mwendo wa mwili ni kugumu kwa watoto wengi wenye usonji. Isitoshe, ishara hupita: mkono ukishuka, haipo tena kuitazama. Lakini mtoto mwepesi wa kuiga nyimbo za mikono anaweza kuzidaka haraka sana.

*Kuitunza.* Hakuna cha kutunza. Mikono haiishi chaji wala haisahauliwi kwenye gari, na inafanya kazi bwawani na kitandani usiku.

*Kosa la mara kwa mara.* Mama anajifunza peke yake, na akisafiri mtoto anakuwa bubu kwa wiki nzima.

*Anayefaidika zaidi.* Mtoto mwenye kuiga kuzuri, katika familia iliyo tayari kujifunza pamoja. Hata wenye tableti, ishara tano au sita za dharura zinawasaidia sana.

Vifaa vya vitufe vya kurekodi

Hivi ni visanduku kama GoTalk, vyenye vitufe vichache unavyovirekodia sauti yako na kuviwekea picha. Ni imara, hutumia betri za kawaida, havina michezo ya kumvuta mtoto, na mwalimu asiyependa kompyuta hatishiki. Msamiati wake ni mdogo, basi. Vinafaa kwa darasa la wadogo, kwa mtoto mwenye kutupa vitu, au kwa kujaribu kama sauti inamvutia kabla ya kuingia gharama ya tableti.

Kinachoamua kuliko kifaa

Nimeona tableti nzuri zikilala kwenye droo, na karatasi moja iliyochakaa ikimfanya mtoto azungumze. Tofauti ilikuwa kwa watu wazima: walioitumia karatasi ile walikuwa wakizungumza nayo wenyewe.

Chukua mfano huu. Umekaa sakafuni unampulizia mtoto povu la sabuni. Linapaa, linapasuka, anacheka. Unaacha kupuliza. Humwambii "sema zaidi". Wewe mwenyewe unagusa ZAIDI, unatamka "zaidi", unapuliza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu unashika kijiti karibu na mdomo, unamtazama, unanyamaza, unahesabu moyoni hadi kumi. Akigusa, puliza hapohapo. Akiangalia tu kifaa au kusogeza mkono, hiyo nayo ni kauli: gusa wewe, kisha puliza. Akiondoka, gusa BASI, useme "basi", na uheshimu uamuzi wake.

Hayo yakifanyika wakati wa kuvaa, kula na kuoga, mtoto anajifunza. Yakifanyika kwenye kiti cha mazoezi tu, atajua kwamba maneno ni ya kwenye kiti hicho. Kwa hiyo unapochagua, jiulize njia gani wewe, ndugu zake na mwalimu wake mtaitumia nyote, kila siku, hata mkiwa mmechoka.

Uchague nini kwa hali yako

Mtoto ana miaka miwili au mitatu na hana namna yoyote ya kuomba zaidi ya kulia: anza na kadi za kukabidhi, pamoja na ishara tatu nne. Akishaelewa kumfuata mtu, mwonyeshe tableti. Si lazima amalize hatua zote sita kwanza.

Ana kadi nyingi na anakasirika kwa sababu hapati anachotafuta: kadi zimemwishia. Hamia kwenye tableti, ila usizitupe kwa siku moja. Ziache kando hadi mwenyewe aziache.

Anaongea, lakini anachosema ni kurudia alichosikia, au maneno humkimbia akiwa na hofu: tableti ni yake pia. Njia hizi si za wasio na neno hata moja tu.

Nyumbani kuna tableti moja na watoto watatu wanaigombania: ni afadhali ubao wa karatasi ulio wa mtoto peke yake kuliko tableti anayoipata kwa zamu.

Shule inatumia kadi na nyumbani mnatumia tableti: mkae na mwalimu mkubaliane maneno kumi yatakayokuwa kote kuwili, kwa picha zilezile. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, mkimpata, aanzie hapo.

Mlinunua tableti, mtoto akaikataa: angalia kwanza ilitumikaje. Kama kila alipoigusa aliulizwa "hii nini? na hii?", aliikataa mitihani. Futa michezo, acha maswali, na kwa wiki kadhaa gusa wewe tu, bila kumdai chochote. Akiendelea kuisukuma mbali, rudi kwenye ubao wa karatasi wenye mpangilio uleule, ili siku akiirudia tableti akute kila neno liko palepale.